Oili ya Baba Mkubwa

Kuna siku moja ya Desemba ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, nayo ilirudi jana uliponipigia simu kuniuliza uweke oili gani kwenye gari lako jipya. Uliuliza harakaharaka, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Nikakujibu kwamba nitakuandikia. Mimi si mzee wa mkongojo, hata mvi sijazipata za kutosha, lakini kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako. Tena jambo hili baba yako hawezi kulisimulia. Kila akilianza hutoka nje kwenda kuangalia migomba.

Siku hiyo baba yako alipandisha gari jipya Uru, mlimani juu ya Moshi, kwa bibi yako. Wewe ulikuwa mdogo. Labda unakumbuka tu ulivyokatazwa kugusa vioo. Alilinunua kwa sababu moja. Bibi yako alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kila pumzi zilipombana ilibidi tutafute gari la jirani la kumteremsha hospitali mjini, na jirani si kila siku yupo. Ukoo wote ulikuwa umerudi kwa Krismasi. Gari lilisimama kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba na mikahawa, nalo lilikuwa limetoka Dar kwa magurudumu yake, kwa hiyo oili ya kiwandani ilikuwa imefika wakati wa kumwagwa.

Unajua desturi ya kwetu: kitu kipya kikifika nyumbani, mkubwa wa ukoo hukipokea kwanza. Mkubwa alikuwa Baba Mkubwa Aloyce, kaka wa marehemu babu yako, aliyeendesha lori la kahawa maisha yake yote. Alinyunyiza mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, kwenye tairi la mbele, akasema maneno ya Kichagga ya kuliombea njia, kisha akaingia ndani kwake na kutoka na dumu la oili. Lilikuwa limefungwa bado. Alilihifadhi tangu lori lake lilipouzwa, akisubiri siku ya kulitoa. Akasema gari la kwetu lisinyweshwe maji ya tambarare. Oili nyepesi ni ya watu wa Dar, mlima unataka oili nzito. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, na hakuna sentensi niliyoiacha ipite bila kuiuliza imetoka wapi. Kitabu cha gari nilikuwa nimekisoma usiku uliotangulia. Kiliandikwa wazi 5W-30, oili nyepesi. Dumu liliandikwa 40 tu. Nikauliza mbele ya wote: mlima umeanza lini kuchagua oili? Nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti. Fundi aliyeitwa kutoka Njoro akakikodolea macho kifuniko cha injini kana kwamba hakuwahi kukiona.

Mjomba mmoja akasema, "Huyu hajazaa hata baiskeli, anatufundisha kulea gari." Watu wakacheka sana. Hata bibi yako alicheka, akashika kifua.

Nilimvuta baba yako kando nikamwambia asikubali. Alinitazama kwa uchovu. "Nitamkataliaje mzee zawadi yake, ukoo mzima umesimama?" Nikamfuata fundi pia. Naye akanijibu kwamba yeye humwaga na kujaza, hahukumu. Oili ikamiminwa, nyeusi kidogo kwa ukale, ikishuka polepole kama asali ya Julai. Nikajisemea nimeuliza, nimefanya wajibu wangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliwahi kuwauliza wazee, na mkuu naye asiposikia, linavunjika guu la nani?  Jibu nililipata baadaye.

Baada ya miezi kadhaa injini ilianza kugonga asubuhi, tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye sufuria. Taa nyekundu ya oili ilikuwa ikichelewa kuzimika. Baba Mkubwa alisema ni baridi, hata binadamu hukohoa Julai. Wakati wa kubadilisha tena ulifika, akasema oili nzito hukaa, msiwatajirishe wauza oili. Baba yako akaahirisha. Simlaumu. Alikuwa akikaa Shirimatunda, huko mjini, gari akaliacha mlimani kwa ajili ya mama yake, Baba Mkubwa akilitunza, na kila alipopanda aliambiwa liko salama.

Julai hiyohiyo mimi na baba yako tulikuwa nyumbani. Alfajiri, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa, bibi yako akaanza kutafuta pumzi. Tulimbeba hadi kwenye gari. Mimi nilikaa nyuma nimempakata. Baba yako akawasha na kuondoka papo hapo, na nani angengoja injini ipate moto? Kutoka kihambani unapanda kwanza mlima mkali kabla ya kuikuta barabara inayoteremka Moshi. Taa nyekundu iliwaka, haikuzimika. Tik-tik ikawa mlio wa chuma juu ya chuma. Kwenye kona iliyo juu ya mfereji injini ikakwama, ghafla, kama mtu aliyeshikwa koo.

Baba yako aliujaribu ufunguo tena na tena. Kilichosikika ni "tak" moja tu. Akatoka akakimbia kutafuta gari. Bodaboda zilikuwepo, lakini bodaboda haimchukui mtu asiyeweza kukaa.

Bibi yako aliniuliza, "Kuku wamefunguliwa?"

Nikamwambia wamefunguliwa. Haikuwa kweli. Hakusema tena neno lingine. Gari la mboga lilipofika na baba yako akining'inia ubavuni mwake, mama yetu alikuwa tayari amenilemea bila pumzi.

Mjini daktari alisema moyo ule ulikuwa umechoka mno, pengine hata tungewahi isingesaidia. Pengine. Injini ilipofunguliwa, fundi yuleyule wa Njoro alituonyesha njia za oili zimejaa tope jeusi, zito kama lami.  Alijifuta mikono kwa muda mrefu.

Baada ya matanga Baba Mkubwa alikuja na jani la isale mkononi. Unajua maana yake: aliyekukosea akikuletea isale, huna ruhusa ya kukataa. Baba yako alilipokea kwa mikono miwili, akalia. Kisha mzee akanigeukia mimi na jani jingine.

Moyoni nilikuwa nimelipanga neno langu siku nyingi: "Nilisema." Jani la mmea lingefanya nini? Lingerudisha nani? Nilifungua mdomo, yeye akanitangulia.

"Ulikuwa na haki," alisema. "Kitabu uliusomea ukoo, ukamsomea kaka yako, ukamsomea fundi. Nyumba yangu na yenu zinatenganishwa na mfereji tu. Mbona hukuja kwangu ukanisomea mimi, tukiwa wawili?"

Nikamuuliza, "Ningekuja, ungenisikia?"

Alininyooshea jani. "Sijui," akasema. "Na wewe hujui. Hicho ndicho tulichobaki nacho."

Nililipokea. Hadi leo siamini kwamba jani linasamehe mtu. Lakini mkono wa mzee huwezi kuuacha umenyooshwa. Alikufa kabla ya Krismasi iliyofuata, na hatukuwahi kulizungumza tena.

Sasa swali lako. Fungua kitabu cha gari lako, si cha rafiki yako wala cha mtandaoni. Tafuta namba za uzito wa oili. Namba iliyo kabla ya W inakuambia oili itakavyokimbia injini ikiwa baridi, na huko juu injini huamka na baridi. Ya pili inakuambia itakavyosimama ikishapata moto. Namba hizo usizibadilishe kwa sababu ya mlima, wala kwa sababu ya bei. Chini yake pameandikwa daraja la ubora, nalo lilinganishe. Jina la kampuni ni jambo la mwisho. Nunua dumu lenye lakiri nzima kwenye duka unaloweza kurudi kulalamika, lifunguliwe mbele ya macho yako, na filta ibadilishwe hapohapo. Taa nyekundu ikiwaka, zima gari. Usiizoee. Kitu cha hatari ukikizoea hakiachi kuwa hatari, wewe ndiye unayeacha kukiona.

Na mzee yeyote akikuletea oili ya zawadi, ipokee kwa mikono miwili, iweke stoo. Kisha jioni nenda kwake, mwamkie, kaa, kunywa atakachokupa, umwambie ukweli mkiwa wawili. Wanasema kuuliza si ujinga. Nami nakubali, ila swali lina mahali pake pa kukaa. Ukiliuliza mbele ya watu ili uonekane, mzee huwajibu watu, hakujibu wewe. Akikataa bado, basi mkatalie waziwazi, hata ukoo wote ukikununia. Kununiwa kunaisha. Mimi sikumuuliza mzee tena nilipochekwa, na kicheko kile bado nakisikia kila injini inapowashwa alfajiri.

Mungu akulinde katika kupanda na kuteremka, mwanangu. Akupe watu wa kukuambia hapana, na masikio ya kuisikia. Na kila utakayempakia ndani ya gari hilo, umfikishe anakokwenda.