Landless Ilipokataa Kunijua

Kwa miaka ishirini niliwaambia watu kwamba nililelewa Section 9. Si uongo mkubwa. Section 9 na Landless zote ziko Thika, tofauti ni kwamba wao walikuwa na mageti na sisi tulikuwa na sifa. Sifa zenyewe ni hizi: ukianika suruali, uketi uitazame mpaka ikauke; mvua ikinyesha, uende kanisani viatu vikiwa mkononi; na dereva wa teksi akisikia unakoenda, akumbuke ghafla kwamba breki zake hazishiki vizuri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha chuo kikuu, ikanifikisha ofisini Ruiru, ikanipangia nyumba Kahawa Sukari, na bado ilikuwa inaendelea.

Sasa jamani, Landless ikaanza kupendwa.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Barabara yetu ya matope ikatandikwa matofali, kisha wakaja vijana wenye kamera, kisha watu wenye mbwa waliofungwa kamba, kitu ambacho zamani kingewachekesha mbwa wenyewe. Halafu msichana wa idara yetu ya mauzo, ambaye ndiye hupanga matembezi ya ofisi, akatangaza kwamba Jumamosi hiyo tunaenda kuizuru Landless. Alisema kuna mkahawa ndani ya ploti ya zamani na kwamba ni lazima tuuone kabla haujajulikana na kila mtu. Nikatikisa kichwa kama mtu asiyejua mahali penyewe pako wapi.

Ploti ilikuwa ile ile nilimolelewa. Vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, bomba moja katikati, vyote sasa vimepakwa rangi ya njano iliyokolea. Chumba chetu kimeunganishwa na cha jirani kuwa mkahawa. Mwenye mkahawa ameyaacha mabati ya ukutani wazi makusudi ili wateja wayaone. Mama yangu alitumia ujana wake kuyaficha kwa magazeti na kalenda za kanisa. Taa zinaning'inia ndani ya sufuria zilizotobolewa. Chai ililetwa kwa vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, vile vile ambavyo mama alikuwa akivisukuma chini ya kitanda mgeni akibisha. Na choo, kile tulichopangia foleni asubuhi kila mtu akijifanya hana haraka, sasa ni mahali pa kupigia picha. Kina kioo kikubwa na maua ya plastiki. Nilimkuta mhasibu wetu amesimama palipokuwa na shimo lenyewe, amebinua midomo, anajipiga picha.

Hapo wivu ukanishika. Sikuutarajia. Wote walikuwa wanashangilia vitu vyangu na mimi nimekaa pembeni kama mgeni wa kujialika. Nikaweka kikombe chini nikasema hiki kilikuwa chumba chetu.

Walicheka wote. Msichana wa mauzo akanipigapiga begani kwa huruma.

"Wee, madam, wewe si ni wa Section 9? Ulituambia mwenyewe. Siku hizi kila msee ni wa Landless."

Nikawaonyesha kitanda kilipokuwa, pazia lilipopita, jiko la mafuta ya taa liliposimama. Wakasema kila nyumba duniani ina kitanda na jiko. Kadiri nilivyojitetea ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, na hiyo ndiyo siku pekee niliyokuwa nasema kweli. Moyoni niliumia kuliko nilivyotaka kuonyesha. Nilipakataa mahali pale miaka yote, na sasa nilitaka mtu mmoja tu, hata kama ni paka, anitambue.

Na mtu huyo alikuwepo. Nilikuwa nimemwona nje ya geti jipya tulipoingia, nikageuza uso upande wa pili kwa mazoea. Alikuwa amekaa mahali pale pale pa zamani, na jiko lake la makaa na ndoo ya uji wa wimbi. Ploti nzima tulimwita Shosho, yaani nyanya, tangu akiwa hana hata unywele mmoja mweupe. Mama alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya zamu kiwandani, hakuwa na ndugu Thika nzima, kwa hiyo mimi niliachwa kwa Shosho nikiwa bado sijaota meno. Nilijua kusalimu kwa Kikuyu kabla sijajua lugha ya mama. Nikawaongoza wenzangu wote nje, vikombe mkononi, kama wakili anayemleta shahidi.

"Shosho," nikasema, "hebu waambie hawa mimi ni nani."

Aliiweka kata yake juu ya mfuniko. Akanitazama kuanzia nywele hadi viatu, bila haraka.

"Huyu simjui," akawaambia. Kisha akanigeukia kwa adabu kabisa. "Umenifananisha, mama."

Mhasibu alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno yale niliyajua. Yalikuwa yangu.

Miaka minane kabla ya hapo nilikuwa nje ya supermaketi moja mjini Ruiru, pamoja na mama wa mwanamume aliyetaka kunioa na dada zake wawili. Walikuwa wananiona kwa mara ya pili. Nilikuwa nimewaelezea geti letu la Section 9, na hata mparachichi uliokuwa uani, kwa sababu ukishajenga nyumba ya uongo haigharimu kitu kupanda mti. Shosho akatokea na gunia la mboga, akaniita kwa jina langu la utotoni, akafungua mikono. Nami nikamwambia umenifananisha, mama. Sikumwita Shosho. Nilimwita mama jinsi unavyomwita mtu aliyekuzibia njia. Akaomba msamaha, akainua gunia lake akaenda. Ndoa yenyewe haikuwa, kwa sababu nyingine zisizohusiana na uji. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jumamosi hiyo nilikuwa binadamu.

Wenzangu wakaenda kuona duka la mitumba iliyopandishwa cheo ikaitwa mavazi ya kale. Mimi nikabaki. Nikaketi juu ya mtungi wa plastiki, nikamwambia nilikosea siku ile, kwamba niliona haya, kwamba haya hiyo imenitafuna tangu hapo. Alimmiminia uji fundi mmoja, kisha mwendesha boda, kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ambaye alikuwa amefika baada yangu. Mwisho akanisukumia beseni la vikombe vichafu. Nikaviosha, na kucha zangu za saluni. Akasema natumia maji mengi. Hapo nilijua ananijua, lakini nilitaka aseme.

Alipomaliza wateja akajipangusa mikono kwa leso.

"Mama yako alinipigia jioni ya siku hiyo," akasema. "Alikuwa amesharudi kwao, na wewe ulikuwa umekawia kumpigia. Akaniuliza kama naonaga wewe. Nikamwambia nimekuona leo leo, huko Ruiru. Akauliza, alikusalimia?"

Nikaacha kuosha.

"Nikamwambia alinikumbatia mbele ya wakwe. Nikamwambia umewaambia, huyu ndiye alinilea. Alifurahi sana, huyo mama. Aliniambia nirudie."

Mama yangu amefariki miaka sita sasa. Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akimwambia kila muuguzi aliyepita karibu na kitanda kwamba mtoto wake amesoma, anafanya kazi ya ofisi, na bado hana madharau, hajasahau watu. Aliyasema mbele yangu, akinishika mkono. Nami nilikuwa nikitabasamu kwa aibu nikidhani ni dawa zinamchanganya.

Nililia pale juu ya mtungi, hadharani, mchana, nimeshika kikombe chenye povu. Shosho aliniacha nilie kidogo tu. Si mtu wa kuvumilia mambo hayo karibu na chakula.

"Hiyo uongo nimeibeba miaka nane," akasema. "Na mimi ni mtu wa kanisa. Simama uifanye iwe ukweli."

Wenzangu walikuwa wanarudi, mifuko mikononi, msichana wa mauzo mbele akiniuliza kwa sauti kama nimepata kazi mpya. Nikasimama. Nikamkumbatia Shosho kwa mikono iliyolowa, naye akanishika kwa nguvu kuliko nilivyotarajia kwa mwili mdogo vile. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mkahawani: huyu ndiye alinilea.