Mkuki wa Baba na Bunduki ya Msimamizi

Baba yangu alikuwa msasi wa nguruwe mwitu kule Pemba. Neno hili nalisema leo waziwazi kwa sababu London sikulisema hata siku moja. Kwenye hitima na harusi za Wazanzibari kule Queensbury, kila mtu babake alikuwa ama karani wa serikali ama mwenye mikarafuu, basi na mimi wangu nikampa mikarafuu. Ningesemaje? Kwamba alishinda maporini na mbwa, akirudi anajitoharisha najisi yao mara saba, moja kwa udongo, na bado wapo waliosita kumpa mkono? Na hao hao ndio waliokuja kumgongea mlango nguruwe walipoingia kwenye mihogo yao.

Kazini Hayes mambo yaligeuka. Nilikuwa mpanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na msimamizi wetu, Mwingereza mnene mwenye moyo mzuri, hakuwa na hadithi ila nguruwe mwitu. Miaka hiyo ya tisini walikuwa wameanza kuzaana kwenye misitu ya kusini, na mkulima mmoja wa Sussex alimruhusu awinde shambani kwake. Siku moja tunakunywa chai, akaniuliza kama kwetu wapo. Nikamwambia wapo, na nimewaua. Mimi! Mimi niliyekuwa nikisikia mbwa wanabweka napanda juu ya kitanda. Nikamsimulia kisa cha Baba chote: mbwa walivyotawanyika, alivyopiga goti moja, akakita kitako cha mkuki ardhini na kumwacha nguruwe aje ajichome mwenyewe. Ila kila penye Baba nilijitia mimi. Mbele ya Wazanzibari nilimficha, mbele ya Mwingereza nikamwibia.

Ukishavishwa kilemba cha ukoka, kukivua kazi. Msimamizi akaanza kunitaka ushauri. Alitaka bunduki ya wenzo, ile yenye pete ya chuma chini ya mkono, ukiishusha na kuipandisha risasi nyingine imeshaingia, maana vichakani nguruwe hakungojei ujipange. Bunduki yenyewe alishaipenda. Kilichomshinda ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi, na kibali cha polisi lazima kiitaje. Mimi nilijua nini? Nikamwambia achukue ile ndogo kabisa, ya tatu-hamsini-na-saba: nyepesi, haikupigi bega, na risasi zake rahisi. Nilisema kwa sauti ya fundi, na maskini akaniamini.

Jumamosi moja akaja kwangu Rayners Lane na katalogi ya bunduki kwapani, anisalimie na tuhakikishe pamoja kabla hajapeleka fomu. Baba alikuwa ameshahamia kwangu kutoka Pemba mwaka ule, amekaa karibu na rejeta ya kupashia nyumba joto na sweta zake mbili. Kiingereza hakijui, nikajua tumesalimika. Lahaula! Nilisahau kwamba mgeni ana mikono.

Baada ya chai, msimamizi alisimama amwonyeshe Baba jinsi anavyomheshimu mwanawe. Akapiga goti moja juu ya zulia, akakita mkuki wa hewani, akafanya nguruwe anakuja mbio, anajichoma, anaanguka. Kisha akaninyooshea kidole na kunipigapiga begani. Baba alilitazama lile goti, akanitazama mimi. Mkono wake ukashuka pajani, pale penye kovu la jino la nguruwe. Uso ulinishuka, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba akaomba katalogi. Kulikuwa na ukurasa uliochorwa risasi kwa ukubwa wake halisi, ya tatu-hamsini-na-saba fupi kuliko zote, ya thelathini-thelathini, na ya arobaini na tano nene, zimepangwa kama vidole. Nikamwonyesha anayotaka mgeni.

"Nani kamwambia achukue hii?"

Nikajitia kupanga vijiko.

"Nguruwe dume ana gamba begani, chini ya ngozi. Mkuki wangu umepinda hapo. Kijirisasi hiki kitamtia hasira tu, halafu amrudie. Mwambie achukue hii nene. Na akishamjeruhi, asimfuate kichakani mbio mbio. Mwambie, mwanangu, mtu atakufa huyu."

Mgeni akauliza, mzee anasema nini?

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, maneno matano tu yangetosha. Nikasema: "Anauliza kama utaongeza chai."

Mgeni akacheka, akafunika kikombe kwa kiganja na kumtikisia Baba kichwa. Hapo ndipo nikakohoa, nikamwambia kwamba nimefikiri tena, achukue ya arobaini na tano, kwa sababu ya gamba la begani, na akijeruhi asikimbilie. Akaandika kwenye fomu palepale. Baba alikuwa bado anakitazama kile kiganja juu ya kikombe; yeye chai hakuitaja.

Majani yalipoanza kupukutika, msimamizi akaenda msituni. Jumatatu aliporudi alinikumbatia mbele ya ghala zima. Dume lilipigwa begani, likamgeukia, akashusha pete na kuipandisha, risasi ya pili ikaliangusha hatua chache mbele yake. Akawaambia wote kwamba kama si mimi, angekuwa maiti. Wakanipigia makofi, na mimi nikayapokea, tena nikitabasamu.

Nyumbani nikamwambia Baba kwamba yule mgeni amesalimika. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha: "Anamshukuru nani?"

"Anakushukuru wewe, Baba."

Astaghfirullah. Uso wake ulivyochanua! "Basi mwambie aje anishike mkono."

Jumamosi ile akavaa kanzu na kofia tangu asubuhi, akakaa dirishani. Nikamwambia mgeni anaumwa. Jumamosi ya pili, gari lake limeharibika. Ya tatu, kaenda kwa mamake. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwalika. Kila siku kazini nilimkabili kinywa kikiwa tayari, na kila siku nikaogopa kurudi kuwa mpanga mizigo tu. Mtu mzima na ndevu zangu! Naona aibu hata kuyaandika.

Jumamosi ya nne nikaingia sebuleni, nikaanza: "Baba, leo amepata dharura..."

Akainua mkono taratibu. "Basi, mwanangu. Usijitaabishe kutafuta neno jengine."

Akaenda chumbani kuvua kanzu.