Kamera "inayopiga hata gizani" ilivyonipotezea uso wa mdogo wangu siku ya ndoa yake

Wakuu, salamu kwenu, na walionizidi umri shikamooni.

Nimewasoma siku kadhaa mnavyobishana humu kamera ipi kali, hii ina megapixel nyingi, ile zoom yake inafika mbinguni. Nikawa napita kimya kimya. Leo nimeshindwa.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sijatia. Asiyeamini aje Lushoto nimwonyeshe picha yenyewe, ninayo mpaka leo.

Mimi ni mwenyeji wa huku juu, upande wa Magamba. Kazi yangu ni mboga. Kabichi, karoti, hoho, nakusanya kwa wakulima napeleka Tanga mjini.

Enzi hizo kamera za digitali ndiyo kwanza zinaingia. Soko huria limekolea, mizigo ya Dubai inashuka, kila mwenye fremu anauza anachotaka. Leo vitenge, kesho redio, keshokutwa kamera. Anajua anachouza? Hajui. Na hakuna wa kumuuliza.

Basi mdogo wangu Hadija akawa anaolewa.

Wakati huo baba alikuwa amelazwa hospitali kule Muheza, mgonjwa hasa, hata kukaa ni mpaka ashikiliwe. Tulitaka kusogeza ndoa, baba akakataa katakata. Mume ni mwalimu, ana likizo fupi, anarudi kazini Songea na mkewe. Baba akamwachia baba mdogo aozeshe kwa niaba yake.

Mimi akaniambia neno moja tu. "Niletee picha ya Hadija akipewa mkono. Nataka nimwone uso."

Kwa wasiojua: kwetu ndoa ikishafungwa na wanaume huko nje, bwana harusi anaingizwa chumbani kwa bi harusi. Bi harusi amekaa kitandani, kafunikwa mtandio. Mume anaufunua, anamwekea mkono kwenye paji la uso, anasoma dua. Ndiyo kupewa mkono. Inafanyika mara moja, hairudiwi kama maigizo ya shule.

Na chumba kile ni cha wanawake. Mpiga picha mwanaume haingii ng'o. Kulikuwa na mzee mmoja wa studio Lushoto mjini, anapiga vizuri sana, lakini yeye harusi zote anaishia uani.

Ndiyo maana nikataka kamera yangu. Mimi ni mwanamke, niingie nayo, nipige mwenyewe, nimpelekee baba.

Nikaenda duka moja Tanga. Nikamweleza yule kijana muuzaji kila kitu, tena taratibu. Nikamwambia nyumba yetu haina umeme. Chumba kina dirisha dogo kwa sababu ya baridi, na mchana ukungu ukishuka ndani tunawasha kandili.

Akacheka. "Dada, hii mashine. Inapiga hata gizani. Angalia megapixel zake!"

Akaniwashia palepale dukani, chini ya taa za tyubu nne, akampiga mwenzake picha. Safi kabisa! Nani angekataa? Nikalipa, nikapandisha mlima nimebeba boksi kifuani kama nimebeba mtoto.

Siku ya ndoa ukungu ukatushukia mapema. Chumbani wanawake tumejaa, udi unafuka, kandili iko pembeni. Ukutani, nyuma ya kitanda, shangazi alikuwa ametundika kanga mpya kwa pambo, ina maandishi makubwa meusi: WEMA HAUOZI.

Nikajaribu picha ya kwanza kwa flash.

Jamani! Picha nzima madoadoa meupe, mviringo mviringo, kama theluji. Flash inagonga moshi wa udi inarudi. Shangazi akachungulia kwenye kioo akapiga kigelegele. "Malaika hao! Wamekuja kumtazama mwali!"

Malaika wapi, shangazi yangu.

Nikazima flash. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nikibonyeza, kamera inalia zzzt, lenzi inatoka, zzzt, inarudi ndani, inatafuta focus haiipati. Kitaa chekundu kinamwekamweka. Unangoja. Unangoja tena. Ikijisikia yenyewe ndiyo inapiga, na uliyetaka kumpiga ameshageuka.

Mlango ukafunguliwa, bwana harusi huyoo kaingia.

Macho yangu yote kwenye kile kioo kidogo. Mtandio unafunuliwa, zzzt. Mkono unakwenda kwenye paji, zzzt. Nabonyeza, nabana pumzi nisitikisike. Dua inasomwa, wanawake wanaitikia amina, mimi nahangaika na kidude changu. Ikapiga. Nikapata nne.

Nikazitazama kwenye kioo, nikaona nzuri kabisa! Kioo chenyewe ukubwa wa kiberiti, kwenye kiberiti nani asiyependeza? Nikawaonyesha wenzangu, vigelegele upya.

Hadija akaondoka na mumewe jioni ileile, maana mvua ilikuwa inakuja na dereva alikuwa akilalamikia utelezi; likizo inaisha, hata Muheza kwa baba hawakuwahi kupita.

Nikashuka Tanga kusafisha picha. Kijana wa maabara akanikabidhi bahasha. Nikaifungua nimesimama palepale kaunta.

Wakuu, WEMA HAUOZI inasomeka herufi kwa herufi. Unaona mpaka uzi wa pindo la kanga.

Uso wa Hadija ukungu mtupu. Macho hayapo, mdomo haupo. Picha zote nne.

Baadaye mtu anayejua mambo haya alinifafanulia. Kamera zile ili zishike focus zinatafuta mahali penye mistari iliyoachana, cheusi na cheupe. Mwanga ukiwa hafifu, uso wa mtu hazioni kitu pale, lakini maandishi meusi ya kanga zinayadaka mara moja. Na kwa giza lile zinaacha mlango wa lenzi wazi muda mrefu, mtu akipumua tu keshavurugika. Megapixel haziingii hapo hata kidogo! Wauzaji wanazitaja kama muuza nyanya anayepanga nzuri juu ya tenga.

Nikarudi dukani nachemka. Kijana akazitazama picha, akaniambia, tena bila haya, "Dada, tatizo hujui kutumia. Picha za harusi watu wanapiga nje."

Nje! Nilimwambia chumba, nikamwambia kandili, nikamwambia ukungu. Alisikia nini?

Nikamwambia, sawa, wewe fundi. Zima taa zako, vuta pazia, jipige mwenyewe bila flash.

Watu wameshajaa mlangoni, akaona aibu kukataa. Akazima. Zzzt, zzzt. Ilipopiga nikaikuza, nikawageuzia watu: kwenye kioo kile kidogo yalionekana maboksi ya redio kwenye shelfu nyuma yake. Yeye mwenyewe kama mtu aliyefutwa kwa kitambaa. Mama mmoja mlangoni akasema, "Ee, kijana, mbona huna pua?" Watu wakaangua kicheko.

Unadhani alinirudishia pesa yangu? Alinyoosha kidole ukutani palipoandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nikabaki nalo.

Kutoka hapo nikaenda Muheza. Njia nzima nawaza nisimpe. Lakini baba alishajua nakuja, na aliponiona tu akanyoosha mkono.

Nikampa moja ya zile nne, akaishika. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaifuta kwa shuka. Akasema, "Kanga naiona. Hadija yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Huyu hapa, baba."

Akatazama muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa Kishambaa, nawatafsiria: "Basi niambie wewe uliyekuwepo. Alikuwa anacheka au analia?"

Wakuu, sikujua. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mdogo wangu na sikujua. Muda ule wote nilikuwa natazama kitaa chekundu.

Nikamwambia, "Alikuwa anacheka, baba."

Akasema alhamdulillahi, akaiweka picha chini ya mto. Hakutoka hospitali ile akiwa hai. Nguo zake tulipokabidhiwa, picha ilikuwemo.

Hadija alipokuja msibani nikamuuliza. Akanishangaa.

"Nilikuwa nalia, dada. Nilikuwa namtaka baba. Kwani hukuniona? Si ulisimama mbele yangu?"

Mpaka leo nikiona tangazo la "inapiga hata gizani" damu inanichemka. Siku hizi ni simu, zina majina ya ajabu ajabu, na wauzaji ni walewale, wanakuonyesha sampuli chini ya taa kama za uwanja wa mpira.

Ninachowaomba: ukienda kununua, mwambie azime taa. Piga mtu, usipige boksi. Kuza picha mpaka uone kope zake, usidanganywe na kioo. Akikataa kuzima taa, ondoka, hana anachokuuzia.

Na siku ya shughuli ya ndugu yako, mpe kamera mtu mwingine hata kama atapiga vibaya. Wewe tazama kwa macho.

Mliouziwa kilio kama changu semeni hapa. Na nyie wauzaji najua mmo humu. Yule atakayeniandikia "dada, hukusoma manual", aje yeye amweleze Hadija kwa nini baba yake alikufa akiamini alikuwa anacheka.