Gari Lilale Kwanza

Jina lake hasa karibu kila mtu pale karakana alikuwa ameshalisahau. Walimwita Bi Kesho, na jina hilo alipewa na wateja waliokuja mbio wakaondoka wamenuna. Kazi yake ilikuwa kubandika vikinga mvua, vile vipande virefu vya plastiki nyeusi vinavyokaa juu ya madirisha ya gari kama nyusi, ili mvua ikinyesha mtu ashushe kioo vidole viwili apate hewa bila kulowa. Ukimpelekea gari asubuhi, atakwambia njoo kesho. Ukimpelekea mchana, njoo kesho. Ukimwambia una safari, atakuuliza kama safari hiyo umeijua leo.

Wapo wanaodhani hii ni kazi ya kubandika plastiki tu. Haya, wajaribu. Bi Kesho kwanza hukipima kipande juu ya mlango bila kuchuna karatasi ya gundi, akakitazama kwa mbele, akakitazama kwa nyuma. Kisha hufuta fremu kwa spiriti mara mbili, maana magari ya siku hizi yanapakwa nta mpaka nzi anateleza. Kisha hulipasha bati la fremu joto kwa draya ya saluni, kuukuu, aliyopewa na dada yake ilipoanza kutoa moshi. Hapo ndipo anapochuna karatasi ya gundi kidogo ncha hii na ncha ile, akakiweka kipande mahali pake, akaivuta karatasi polepole huku dole gumba likifuata nyuma na kukandamiza. Kila dole linapotua anahesabu mpaka thelathini, kisha anasogea kidogo na kuanza tena. Kwa milango minne, piga hesabu mwenyewe.

Akimaliza hufunga vioo vyote, hukata tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, huibandika juu ya swichi za vioo na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: USIGUSE MPAKA KESHO, na saa yake. Gari hulala pale pale chini ya paa bila kupigwa na mvua wala upepo, mpaka gundi ishike. Ufunguo hulala mfukoni mwa aproni yake. Mtindo huo alifundishwa na Mzee, mwenye karakana, na katika miaka yote kumi na tisa aliuvunja mara moja tu.

Ilikuwa mwaka wake wa pili. Mteja mmoja wa suti na tai alimbembeleza, akamsifu, akamlalamikia, mpaka akalegea na kumpa ufunguo gundi ikiwa bado mbichi. Yule bwana akatoka na vioo vimeshushwa, kiwiko nje. Kufika mzunguko wa barabara pale chini, upepo ukaingia ndani ukakisukuma kikinga cha mlango wa mbele, kikang'oka, kikaruka na kumchana shavu mwanamume aliyekuwa amesimama akiuza magazeti. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Mwenye suti hata hakupunguza mwendo. Bi Kesho ndiye aliyeteremka mbio, akavua aproni na kumfunga nayo damu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi hununua gazeti kwa yule yule, na kila asubuhi muuza magazeti humgeuzia upande wenye kovu kwa makusudi.

"Shemeji, mke wangu anasema kovu hili ndilo lililompendeza. Wakija wanaume wabaya wa sura, wabandikie haraka haraka."

Bi Kesho hucheka mpaka machozi. Lakini akipanda kilima kwenda kazini, dole gumba lake huwa limejikunja ndani ya ngumi.

Mzee alipofariki, karakana ilishikwa na mwanawe, aliyeitwa Bosi Mdogo. Huyu alijifunzia baiskeli katika uwanja ule ule wa karakana, na alipoanguka akachubuka magoti, aliyemfuta kwa spiriti huku mtoto akipiga mayowe alikuwa Bi Kesho. Siku hizo alimwita Shangazi. Alipokalia kiti cha baba yake akaanza kumwita mama, kama mtu anavyomwita yeyote anayempisha njiani. Akatundika bango jipya getini: HUDUMA ZOTE DAKIKA THELATHINI. Kisha akamwita ofisini.

"Mama, bango umeliona?"

"Nimeliona. Rangi yake haijakauka, na wewe umeshaligusa." Akamwonyesha mkono wa shati lake, ambao kweli ulikuwa na doa jekundu.

Bosi Mdogo aliukunja ule mkono wa shati, lakini hakucheka. "Wateja wanakimbilia kwingine. Mpaka mwisho wa mwezi, ama unabandika kwa nusu saa, ama ile nafasi yako nampa fundi redio."

Nafasi yenyewe ilikuwa hatua sita kwa nne, ukutani, chini ya bati lisilovuja. Palikuwa na misumari ya kutundikia vikinga, kigoda, na rafu ya mbao iliyopinda. Ukiiona utasema ni stoo. Bi Kesho aliingia hapo na watoto wawili wadogo, baada ya mume kwenda kutafuta kazi mbali na kusahau njia ya kurudi, na watoto hao walisoma mpaka wakamaliza kwa sababu ya hizo hatua sita kwa nne. Zaidi ya hapo hakuwa na pa kwenda, na Bosi Mdogo alilijua hilo vizuri.

"Nimekusikia," alisema, akarudi kazini. Gari alilobandika mchana ule akaliandikia kesho.

Haya. Mwezi haujaisha, mvua zikaanza. Mama yake Bosi Mdogo, mjane wa Mzee, alikuwa na kifua kibaya. Kiyoyozi cha gari kilimkohoza, na vioo vikifungwa alihema kama aliyepandishwa ngazi kwa mbio. Siku hiyo alitakiwa hospitali saa tisa. Saa saba na nusu Bosi Mdogo akaingia karakana na gari lake jipya linalotiririka maji, na boksi la vikinga mvua mkononi.

"Mama, hivi ni kwa ajili ya mama yangu. Nina nusu saa."

Bi Kesho alipitisha kidole kwenye fremu ya mlango, akakitazama. "Limelowa, na lina nta ya dukani. Silibandiki leo. Niachie lilale. Mama mpeleke kwa teksi, naijua moja yenye vikinga nilivyobandika mwenyewe, naiita sasa hivi."

"Hata kwa mama yangu unaniletea mambo ya kesho?"

"Hasa kwa mama yako."

Bosi Mdogo alipandwa na hasira, akampa kisogo na kumwita fundi redio. Fundi redio alikuwa mtu mwema, hodari wa nyaya na spika, lakini vikinga mvua alikuwa akiviona vikitundikwa tu. Alimtazama Bi Kesho, kisha akamtazama bosi wake. Akafuta milango kwa tambara, akachuna gundi, akabandika, akapiga kiganja pa! pa! pa! Dakika ishirini kazi imekwisha, na kwa macho ilipendeza.

Bosi Mdogo akawasha gari. Bi Kesho akatoka chini ya bati lake, akavuka uwanja na mvua ikimpiga, akaenda kusimama katikati ya geti.

Honi ikalia. Hakusogea. Ikalia tena, ndefu, mpaka wateja wakatoka kwenye benchi lao kuja kutazama.

"Piga mpaka betri ife!" alipaza sauti. "Sitoki hapa. Mimi nilishamchana mtu shavu, namwona kila siku ya Mungu. Wa pili simtaki, hata kama aliyebandika si mimi!"

Bosi Mdogo akashuka, mlango akaubamiza. "Toka getini kwangu."

"Subiri kidogo tu." Alipita pembeni yake, akashika kikinga cha mlango wa dereva kwa vidole viwili, akavuta. Kilitoka chote, kwa ule mlio wa plasta inayobanduliwa kidondani. Akaenda mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Havikumpa taabu hata kimoja. Akavipanga vyote juu ya boneti, maji yakitiririka kwenye gundi. Fundi redio alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kusanya vyombo vyako," Bosi Mdogo alisema kwa sauti ya chini.

"Nilishavikusanya tangu ulipoanza kuniita mama," alijibu Bi Kesho.

Akatoka na draya, chupa ya spiriti, roli za tepu na kigoda chake. Njiani alilia. Alilia kwa hasira, si kwa majuto, na asiyejua tofauti ya hivyo viwili basi hajawahi kufukuzwa kazi. Aliogopa pia. Aliwaza kodi ya nyumba, umri wake, na fundi gani atakayempa pembe ya karakana yake mwanamke mwenye kichwa kigumu namna ile. Lakini kila alipojaribu kujiona akifanya kwa nusu saa, aliliona shavu linachanika, na miguu yake ikaendelea kuteremka.

Muuza magazeti alimwona anakuja na kigoda kichwani.

"Leo shemeji umefunga mapema."

Akamweleza yote, wamesimama mvuani. Yule bwana hakufanya mzaha hata mmoja, jambo ambalo lilimtisha Bi Kesho kuliko kufukuzwa. Alijishika shavu, akageuka na kutazama banda lililokuwa nyuma ya meza yake. Zamani watu walikuwa wakioshea magari mle. Lilikuwa na kuta tatu na bati zima, na yeye alilikodi ili aweke magazeti yasiyonunuliwa.

"Magazeti ya jana hayahitaji nyumba," alisema. "Yatoe tu, uingize gari." Umeme wa draya wakauomba kwa kinyozi wa jirani, aliyerusha waya juu ya ukuta.

Kesho yake saa tatu asubuhi mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekata, ingawa mbingu zilikuwa bado zimenuna. Bi Kesho alikuwa anafagia banda mara akaona gari jipya linakuja polepole kuzunguka mzunguko, vioo vyote vinne chini, magari mengine yakilipigia honi. Likapanda ukingo wa barabara na kusimama mbele ya banda. Aliyekuwa nyuma ya usukani alikuwa mjane wa Mzee, bega la kulia limelowa mpaka kiwikoni.

"Mwanangu, nimekutafuta mpaka nimechoka," alisema akihema. "Jana nimepelekwa hospitali vioo vimefungwa. Nimefika nusu mfu. Nikamuuliza vikinga viko wapi, akawa bubu. Fundi redio ndiye aliyenipa habari nzima." Akaonyesha kiti cha pembeni. Vikinga vinne vilikuwa vimezungushiwa taulo. "Yeye yuko bafuni. Nimechukua ufunguo."

Bi Kesho aliushika mkono wake uliolowa. "Una haraka, mama?"

"Haraka ya kwenda wapi? Nipe kigoda, na huyu mwenye shavu lake anipe gazeti."

Wakaliingiza gari bandani. Bi Kesho alilikausha, akakwangua gundi iliyoharibika ya jana, akaweka mpya, akapima, akafuta nta, akafuta tena, akawasha draya. Mlango wa kwanza. Mlango wa pili. Mama aliliacha gazeti magotini akaanza kuhesabu pamoja naye kwa sauti, moja mpaka thelathini, kama mtoto anayecheza kujificha. Muuza magazeti naye akawa anasimamisha wapita njia na kuwaambia wanyamaze, humu kuna hesabu.

Walikuwa mlango wa tatu simu ya mjane ilipolia. Sauti ya Bosi Mdogo ilisikika mpaka kwa kinyozi.

"Mama, uko wapi? Gari langu liko wapi? Nina kikao saa tano!"

Mama alimnyooshea Bi Kesho simu. Bi Kesho akaibana kati ya sikio na bega, maana dole gumba lilikuwa kazini, limefika kumi na tisa.

"Subiri," alisema. Akaendelea, ishirini, ishirini na moja, hakuruka hata moja, na kule upande wa pili mtu akasubiri mpaka thelathini ikatimia. "Ndiyo. Gari lako limelala. Njoo ulichukue kesho saa tano na nusu."

Magari mawili, matatu yalipita mzunguko.

"Mama yangu atarudije?"

"Kwa teksi niliyokutajia jana. Nimeshaiita. Na wewe nenda kikaoni kwa miguu, mtoto wa kiume."

Bosi Mdogo alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka, karibu ile ya mtoto aliyechubuka magoti.

"Shangazi," alisema. "Nafasi yako iko vile vile. Hakuna aliyegusa. Rudi leo basi, tuzungumze. Na bango nitalitoa."

Bi Kesho alitazama kuta zake tatu, akatazama mlango wa nne uliokuwa unamsubiri. Mjane wa Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kwenye gazeti, lakini hasomi, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Leo nina kazi mkononi," alisema. "Njoo uniulize kesho."

Akakata simu, akaiweka juu ya boneti, akahamia mlango wa nne na kuanza kuhesabu.