Goli la Juu na Goli la Chini: Jinsi Malaba Ilivyopata Uwanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya kaunsili pale Busia kabla mlango haujafunguliwa, nimevaa shati la kaka yangu na kushika panga langu mwenyewe. Katibu wa Kaunsili, ndiye mkubwa wa ofisi nzima, alinikuta nimeshafyeka nusu ya nyasi za mbele bila kuulizwa na mtu.

"Nani amekuambia ukate hapo?"

"Nyasi zenyewe, bwana."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu, kule Butula."

"Na hilo panga, limesoma mpaka wapi?"

"Hilo limemaliza chuo, bwana."

Alicheka, akaniandika kibarua. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Naandika haya ili vijana mjue kwamba mtu aliyekuja kusimamia viwanja vya mpira, bustani na njia za miguu za wilaya hii aliingia kwa kukata nyasi. Sikuwa na mjomba ofisini. Nilikuwa na macho, mikono na mdomo, na vyote vitatu nilivitumia.

Watu hudhani uwanja ni mahali ambapo bado hapajajengwa. Sivyo. Uwanja hutafutwa, hupimwa na hupiganiwa. Kwanza kulikuwa na habari ya ardhi. Ardhi nyingi huku ilikuwa ardhi ya amana, maana yake kaunsili inaishika kwa niaba ya wenyeji na haiwezi kuikata kipande mpaka wenyeji wakubali kwenye baraza. Wakikubali, madiwani hupiga kura kipande kitengwe, na kikishatengwa hakuna tajiri wa kukigusa. Pili kulikuwa na makisio, yaani kitabu cha matumizi ambacho madiwani walikisoma mara moja kwa mwaka. Kitu kisichokuwa kwenye makisio hakikuwepo duniani, hata kama umesimama juu yake. Na pesa za makisio upande wetu zilitoka mahali pawili: ushuru wa soko, na leseni za vilabu vya busaa. Mama aliyeuza mboga na mzee aliyekunywa pombe, hao ndio waliotujengea viwanja.

Mkuu wa Ujenzi alinitoa kwenye panga baada ya kuona ninavyopima mteremko. Wenzangu walisubiri chombo cha ofisi kilichokuwa kikizunguka wilaya nzima. Mimi nilijaza chupa ya soda maji, nikabakiza hewa kidogo, nikaifunga, nikailaza juu ya kamba iliyokazwa kati ya vigingi viwili, nikatazama povu la hewa linakimbilia wapi. Akanifanya nyapara. Nikatumwa Nangina, nikachora njia ya miguu yenye miti pembeni, ili wanaopeleka chakula kwa wagonjwa wa hospitali ya misheni wasitembee juani. Nikatumwa Adungosi, nikasawazisha uwanja wa netiboli ambao akina mama walikuwa wanaanikia mihogo kabla wasichana hawajacheza hata mara moja. Kote huko kazi yangu bado ipo. Nendeni mkaangalie.

Halafu nikapelekwa Malaba, mpakani.

Kando ya barabara kuu, karibu na reli, palikuwa na kipande cha ardhi kilichoinama. Upande wa juu kilipakana na njia ya kanisa la Anglikana. Upande wa chini kilipakana na kilabu cha busaa. Kila mtu alikitaka. Bwana Maendeleo, hivyo ndivyo watu walivyomwita Afisa wa Maendeleo ya Jamii, aliyekuwa mkubwa wangu kule, alitaka kiwe uwanja wa mpira. Maajenti wa forodha walitaka kiwe maegesho ya malori. Mmoja wao, kijana wa suti aliyetoka mbali, alinijia nikipiga vigingi.

"Boss, wewe unapandia vijiti wapi? Madereva wangu na mataniboi wao wanalala barabarani. Juzi gari imegonga taniboi akiwa amelala chini ya lori. Mpira utasaidia nani?"

"Hao mataniboi wakicheza mpira hawatalala chini ya malori," nilimjibu.

"Wewe unajua kuongea."

"Hata kupima najua."

Hakuwa mtu mbaya, na neno lake lilikuwa na uzito. Kaunsili iliamua hivi: wenyeji wakikisawazisha kile kipande kwa mikono yao kabla ya kikao cha makisio, kitatengwa kiwe uwanja, na pesa za milingoti ya goli, choo na rola ya kushindilia zitaingia kitabuni. Wasipomaliza, malori yanaingia. Bwana Maendeleo aliniita kando.

"Ukishindwa hapa, mimi nitapelekwa wilaya nyingine kupanda miti. Wewe utarudi kwa panga lako."

"Panga halijasahau kazi, bwana. Lakini sitarudi."

Nilipanga kazi kufuata ardhi ilivyo. Udongo wa juu ulipaswa kuchimbwa ukajaze chini. Watu wa kanisa, wakiongozwa na Mzee Ezekieli, msomaji wa ibada, mtu mrefu asiyecheka, walichukua upande wa juu kwa majembe. Watu wa kilabu, wakiongozwa na Papa Emase, mwenye ng'ombe wengi wa kulimia, walichukua upande wa chini. Walikokota udongo juu ya ngozi kavu zilizofungwa nyuma ya ng'ombe, wakaumwaga, wakaushindilia. Mmoja asipochimba, mwingine hana cha kujazia. Mwingine asipokokota, wa juu anazikwa na lundo lake mwenyewe. Mpango huo ulikuwa wangu, na ulikwenda vizuri sana mpaka diwani mmoja alipokuja kutusifu.

"Fanyeni bidii," alisema mbele ya wote, "na mjue kila anayekunywa pale kilabuni anasaidia kununua milingoti ya uwanja huu!"

Papa Emase na watu wake walipiga makofi. Mzee Ezekieli aliweka jembe begani.

"Sisi tumeokoka," alisema. "Vijana wetu hawatacheza chini ya mti ulionunuliwa na busaa. Twendeni nyumbani."

Wakaenda, wote, na akina mama zao na sufuria za uji. Ng'ombe wa Papa Emase walibaki wamesimama, ngozi tupu.

"Waache," Papa Emase aliniambia. "Mtu asiyekunywa hana nguvu ya kuchimba."

"Papa, wamechimba kuliko watu wako walivyokokota."

"Basi ni hasira, si nguvu."

Nilimfuata Mzee Ezekieli kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaomba kabla sijashika kikombe.

"Wewe ni mtu wa dini gani?" aliniuliza.

"Mkatoliki, mzee."

"Wa kila Jumapili?"

"Wa kila Krismasi."

Hakutabasamu. Nikamwambia kaunsili ina pesa za namna mbili. Milingoti inunuliwe kwa ushuru wa soko, zile za mboga na samaki, na pesa za kilabu zikachimbe choo.

"Chooni," alisema. "Hapo ndipo pombe huenda hata hivyo. Nakubali."

Nilikwenda Busia kwa baiskeli kumweleza Mweka Hazina, mshika pesa wa kaunsili. Huyo alikuwa bwana mmoja mnene, mwenye heshima kubwa kwa rula yake.

"Shilingi haina dini," aliniambia. "Zote zinaingia sanduku moja."

"Lakini kwenye makisio unaweza kuziandika mistari miwili, bwana?"

"Kuandika naweza. Inasaidia nini?"

"Inasaidia watu wachimbe."

Aliangalia dari, akachukua rula, akapiga mstari. Jambo hilo halikumgharimu kitu, na alilijua. Nikarudi Malaba nikiimba.

Wimbo haukufika mbali. Habari ya choo ilikuwa imenitangulia. Papa Emase alikuwa amefungua nira, ng'ombe wanakula nyasi, na watu wake wamekaa kuzunguka chungu, mirija mirefu midomoni, mchana kweupe.

"Papa, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Sisi ni watu wa choo. Watu wa choo hawajengi uwanja."

"Ni maandishi tu ya kitabuni."

"Kaa chini." Nikakaa. "Ng'ombe wangu wamekokota udongo mpaka shingo zimechubuka. Baba yangu alichungia mifugo hapa. Sasa mtoto wangu akiniuliza baba, pesa yako imefanya nini pale, nimwonyeshe shimo?"

Mmoja wa wazee akatoa mrija mdomoni. "Hata lile shimo, hao wa kanisa wataingia! Au wao hawaendi?"

Walicheka wote, lakini hakuna aliyesimama. Kikao cha makisio kilikuwa kinakaribia. Yule ajenti wa suti alipita barabarani, akaona ng'ombe wamelala uwanjani, akaniinulia kofia. Sikumpenda siku hiyo.

Nilikaa juu ya lundo la udongo lililobaki katikati, nikatazama juu, nikatazama chini. Mtu mwingine angepeleka ripoti na kungoja. Mimi niliona kitu ambacho kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho: uwanja una magoli mawili. Goli la juu liwe la ushuru wa soko. Goli la chini liwe la kilabu. Choo kichimbwe na kaunsili yenyewe, kwa vibarua wake, kisiwe cha mtu.

Papa Emase alikubali kabla sijamaliza. "Na letu liwe na mikaratusi minene," alisema. Kwa Mzee Ezekieli ndipo nilipotoka jasho, kwa sababu mzee alikuwa amesoma misheni na mpira alikuwa ameucheza.

"Kipindi cha pili je?" aliniuliza. "Watu hubadilisha magoli."

"Ndiyo, mzee."

"Vijana wangu watasimama chini ya goli la busaa, walilinde."

"Ndiyo, mzee."

Alitembea mpaka mlangoni, akarudi.

"Kipindi cha kwanza watakuwa wanalipiga mashuti?"

"Kwa nguvu zao zote, mzee."

"Hilo ni jema. Na kipindi cha pili watalilinda kama wamisionari waliotumwa kwa walevi." Akamwita mkewe. "Mama Ruti, waambie watu wachukue majembe."

Siku za mwisho walichimba kwa kushindana. Wa juu waliimba nyimbo za kanisa, wa chini waliimba za kwao, na wale ng'ombe waliokuwa katikati walisikia zote. Milingoti niliichukua kwa mkopo, kila goli lilipwe kwa mstari wake makisio yakipitishwa. Nililaza chupa yangu juu ya kamba kutoka goli hadi goli, na povu likatulia katikati kama limepigiliwa msumari. Siku madiwani walipokuja kukagua, tulicheza mechi, kanisa na kilabu, Bwana Maendeleo akiwa refa. Kipindi cha pili kipa wa kanisa, kijana mwembamba wa kwaya, aliokoa mpira baada ya mpira kwenye goli la busaa, mpaka Papa Emase akapiga kelele, "Huyo apewe mrija!" Mzee Ezekieli alikuwa amesimama nyuma ya milingoti ile ile, kofia imeanguka, anapiga makofi kama mtoto. Hakuna aliyefunga. Madiwani walipiga kura, ardhi ikatengwa. Yule ajenti alitafutiwa mahali pengine nje kidogo ya mji, na nilikwenda mwenyewe kumpimia, bila chuki.

Bwana Maendeleo alipandishwa cheo. Mimi niliandikwa kazi ya kudumu, Msimamizi wa Viwanja, mtu wa darasa la tatu mwenye meza na kiti.

Kwa miaka mingi ule ulikuwa uwanja safi kuliko vyote nilivyosimamia. Sikuhitaji kupeleka kibarua. Watu wa kanisa walifagia goli la juu Jumamosi, na watu wa kilabu, wakiona limefagiwa, walifagia la chini kabla hawajanywa. Mlingoti ukioza, ulibadilishwa usiku mmoja, kwa aibu ya kuchekwa na upande wa pili. Wakubwa waliokuja baadaye, wenye vyeti, waliona magoli ya miti ni aibu kwa mji wa mpakani. Wakaleta ya chuma, yote mawili kutoka mfuko mmoja, yamepakwa rangi moja. Niliwaambia kwamba wanafanya kosa. Waliniambia niendelee na kazi yangu nzuri. Tangu hapo hakuna upande uliofagia tena; nyasi zilingoja vibarua wa kaunsili, nao walikuja pesa zikiwepo.

Mwaka huu nimestaafu, nikiwa bado na nguvu za kulima na kusema. Jumatatu ya kwanza bila kazi nilipita Malaba. Nyasi za uwanja zilifika magotini. Vijana walikuwa wanacheza kipande cha katikati tu, palipobaki wazi, na mpira ukiingia nyasini mchezo unasimama wanautafuta. Nikawaita.

"Nyasi hizi hukatwa na nani?"

"Kaunti kaunsili, mzee," alijibu mmoja.

"Huyo amestaafu Ijumaa," nikamwambia. "Nenda kwenu ulete panga."

Alinitazama kama anayengoja nicheke. Sikucheka. Nilivua koti, nikalitundika kwenye goli la chini, nikasimama pale mpaka akaenda.