Neno Tulilokatazwa Mkonze

Nyumbani kwetu Mkonze kulikuwa na neno moja lisilotajwa ndani: nzala. Maadamu kihenge kina uwele, alisema mama, ukilitaja unaliita. Likikuponyoka, unatoka nje ya tembe, unasukutua mdomo kwa maji, ndipo unarudi. Mimi nilisukutua sana, maana mdomo wangu haukuwa na kufuli.

Nje nililitaja nipendavyo. Nikiuza maziwa kwa watu wa reli pale Dodoma, nilijifunza Kiswahili, nikajua wao husema njaa. Mrangi aliyetuletea asali kutoka Kondoa alisema njala. Kumbe maneno haya ni watoto wa mama mmoja, kila mmoja kaolewa kwake! Nilijiona mjuzi, basi hakuna wa kuniambia kitu. Watu wa reli walikuwa na msemo wao, adui mwombee njaa. Mpaka leo najiuliza, sisi nani alituombea?

Wajerumani walipoanza kupigana na Waingereza, baba alichukuliwa upagazi, hakurudi. Mvua nayo ikakataa. Kisha askari wa Wajerumani wakaja wakazoa uwele wote, hata mbegu iliyokuwa kwenye kibuyu kilichozibwa kwa mavi ya ng'ombe. Mbegu, jamani! Kwetu mbegu hailiwi hata mtu azirai.

"Wewe una Kiswahili," mama akaniambia. "Nenda bomani ukaombe mbegu tu. Tusipopanda, huyu tutamzika." Alikuwa akimtazama mdogo wangu wa kike, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Nilijizoeza siku mbili uani, mdogo wangu mgongoni, nikilirudia neno lile kwa lugha zote nilizozijua. Niliamini wazungu walichukua kwa sababu hawakuelewa. Ujinga wangu huo!

Bomani nilipiga magoti. "Shikamoo, bwana mkubwa." Nikamwaga yote, nzala, njala, njaa. Mjerumani alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Njaa," akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Kwetu tunaiita hunga. Naijua. Askari wangu pia wanayo." Akarudi kwenye karatasi zake.

Laiti asingeelewa! Ningerudi nyumbani na tumaini, nikatafute mkalimani.

Mama aliniona mikono mitupu, akarudi ndani. Siku chache baadaye mdogo wangu alisimama akishikilia kihenge, akatamka neno lake la kwanza, alilookota kwangu kule uani: "Nzala." Nikakimbilia maji nimsukutue.

"Mwache," alisema mama. "Aseme. Humo hamna kitu cha kulinda."

Basi akalisema, asubuhi hadi jioni, kisha kwa sauti ndogo, kisha kwa midomo tu. Tulimzika kabla mvua haijanyesha, hajajifunza neno la pili.