Koti la Tirza Lililobaki Ndani ya Lori

Jua halijachomoza Basavilbaso, mji mdogo wa jimbo la Entre Ríos, Argentina, na Saúl Skliar analizunguka lori lake tena, akigonga matairi kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Ameshayakagua. Mkewe, Perla, amesimama mlangoni na kibuyu cha chai ya yerba. Anajua kwamba siku ya safari mumewe hukagua hata matairi mapya.

Nyuma kuna shehena ya mchele wa Entre Ríos inayokwenda Chile. Kati ya hapa na huko kuna milima ya Andes.

"Hofu haijanitoka hata siku moja," anasema Saúl, mwenye umri wa miaka arobaini na saba. "Wenzangu wanasema wamezoea. Mimi nimejifunza kuificha tu."

Binti zake wawili wanatoka na ndala, makoti juu ya nguo za kulalia. Mical ana miaka kumi na sita, Tirza ana tisa. Kila mmoja anamkabidhi noti iliyokunjwa. Ni desturi ya Wayahudi wengi: msafiri hupewa sadaka ampe mwenye shida huko aendako, kwa imani kwamba aliyetumwa kufanya jema hapatwi na baya njiani. Babu yake Saúl, aliyelima ngano kwenye makazi ya Wayahudi hapa hapa Entre Ríos, alipewa vivyo hivyo hata alipokwenda mjini kununua jembe.

Zamani Tirza alikuwa akitoa noti yake pamoja na agizo: "Ukirudi unihadithie umempa nani." Siku hizi anaiweka kiganjani mwa baba yake na kunyamaza. Kimya hicho kinamtafuna Saúl kuliko barafu ya mlimani.

Kwa kina Skliar, kutoa hakufundishwi kwa hotuba. Juu ya jokofu kuna kopo la biskuti lililotobolewa mfuniko. Ijumaa jioni, kabla Perla hajawasha mishumaa ya Sabato, kila mmoja hutumbukiza chochote alicho nacho. Perla ni mpishi wa shule. Dizeli humeza zaidi ya nusu ya malipo ya kila safari ya Saúl, na kinachobaki si cha kuringia.

"Kuna wiki tunatumbukiza kisarafu cha aibu," anasema Perla akicheka. "Lakini lazima kilie. Watoto wasikie."

Supu ya kuku ikibaki, Mical humpelekea jirani mgane. Huiacha mlangoni, hubisha na kukimbia, ili mzee asilazimike kumshukuru mtu uso kwa uso.

"Mbio zote hizo, na anatujua kwa vishindo," anasema Mical. "Siku moja akapaza sauti kutoka ndani: mwambie mama yako chumvi ilipungua."

Mambo yaliharibika miaka mitano iliyopita. Saúl alipita Uspallata, mji mdogo ambako malori husubiri kabla ya kupanda, na hakupata mtu wa kumpa sadaka ya watoto. Labda hakutafuta sana. Alikuwa na haraka. Akavuka mpaka noti zikiwa mfukoni. Upande wa Chile, kwenye kona kali za kushuka mlima, barafu ilikuwa imetanda. Lori la mbele yake, la rafiki yake Anselmo Quiroga, liliteleza likaenda bondeni. La Saúl nalo liliteleza, likasimama gurudumu moja likiwa hewani.

"Nilitia mkono mfukoni nikazigusa noti," anasema. "Nikajiambia, ni hizi. Sijazifikisha, kwa hiyo bado nimetumwa, ndiyo maana nipo."

Wakamzika Anselmo. Saúl naye, kwa woga ambao leo anausimulia bila kujitetea, akapata wazo lake. Kama mjumbe hulindwa mpaka afikishe, basi asifikishe. Tangu siku ile hakutoa hata noti moja ya watoto. Alizisokomeza zote kwenye kikasha kilicho juu ya kiti cha dereva.

Taabu ilikuwa mezani siku ya Ijumaa. Watoto waliuliza amempa nani, ikabidi atunge. Alitunga fundi viatu mwenye mkono mmoja. Alitunga mama anayekaanga maandazi kando ya foleni ya malori. Mwishowe akatunga msichana mdogo wa Uspallata aitwaye Rosalía, anayetetemeka kwa baridi.

Tirza akampenda Rosalía. Akawa anataja jina lake kila mama anapobariki mishumaa. Baridi ya mwaka jana ilipoanza, alivua koti lake jekundu, ambalo bado lilimtosha, akampa baba yake alipeleke.

"Nilitaka kusema kweli siku ile," anasema Saúl. "Mdomo ukagoma."

Likizo ya Julai mwaka huo huo, Mical aliomba kusindikiza safari. Theluji ikafunga njia, malori yakakwama Uspallata siku kadhaa. Mical alikuwa akitafuta blanketi chini ya kitanda cha kabini. Akaibuka na koti jekundu.

"Baba, hili si la Tirza?"

"Liweke hapo."

"Si ulisema Rosalía alilivaa akazunguka nalo mji mzima? Ulimpa au hukumpa?"

"Mical, funga mlango, baridi inaingia."

"Baridi inaingia na koti tumelikalia," akasema binti.

Saúl akamweleza yote, tangu Anselmo hadi kikasha. Mical alilia, maana Anselmo alikuwa akimletea peremende. Kisha akapangusa pua kwa kiganja.

"Twende tukazitoe."

"Tutazitoa. Tukishavuka salama, nikakurudisha kwa mama yako."

"Miaka yote hiyo unasema tukishavuka."

"Safari hii wewe umo humu ndani, mwanangu. Ningekuwa peke yangu, sawa."

"Mimi ndiye niliyekutuma, baba. Nilikutuma utoe, sikukutuma utunze."

Pembeni ya foleni kulikuwa na mwanamke akikaanga maandazi kweli, na mtoto mdogo kando yake amejifunga shuka. Saúl alizitoa noti zote kikashani, akamwendea. Alimpa furushi lote. Mwanamke akalipekua, akaanza kucheka.

"Bwana dereva, hizi umezifukua kaburini? Za juu hata benki hazipokei tena. Hizi nyingine zote kwa pamoja sipati unga wa kukaanga leo."

Saúl hakuwa amelifikiria hilo, ingawa kila siku analalamikia bei kama Mwajentina yeyote. Noti iliyonunua mkate siku Tirza alipoitoa sasa haikununua peremende. Alidhani amechelewesha tu, kumbe sadaka ilikuwa ikiliwa humo humo kikashani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akatoa kilichokuwa kwenye pochi yake, na Mical akamvisha mtoto koti. Lilimfika magotini.

Njia ilipofunguliwa, wakapanda.

"Kikasha kitupu, mfuko mtupu, na mwanangu kando yangu," anasema Saúl. "Kila kona nililiona lori la Anselmo."

Mical alishika mpini wa mlango tangu kileleni hadi walipomaliza kushuka. Walipofika tambarare, Saúl aliegesha, akashuka, akatapika.

"Usiniulize maana yake," anasema. "Tulifika. Anselmo alikuwa mtu mwema kunishinda, na hakufika. Mimi sina la kueleza hapo."

Ijumaa waliyorudi, kabla ya supu, alimwambia Tirza kila kitu.

"Kwa hiyo Rosalía hayupo?" akauliza mtoto.

"Hayupo, mama. Nilimtunga."

"Na huko kote hakukuwa na mtoto mwingine mwenye baridi?"

Perla anakumbuka kwamba hakuna aliyegusa kijiko. Tirza aliondoka mezani akaenda chumbani. Wiki iliyofuata alitumbukiza sarafu yake kwenye kopo kama kawaida, na safari iliyofuata akatoa noti yake. Hajaacha kutoa. Ameacha kuuliza.

Sasa Saúl hutoa Uspallata, siku hiyo hiyo anayofika, kisha hupanda mlima akiwa hana kitu mfukoni. Perla angependa aache njia hiyo. Kiwanda cha kuku cha hapa kinatafuta madereva wa safari fupi, na Saúl anasema ataomba nafasi mwaka ujao. Lakini hataki kushuka mlimani kabla ya jambo moja.

"Sitaki anisamehe haraka," anasema, akiifunga mifuko ya shati. "Nataka Ijumaa moja aniulize tena nimempa nani, nami nimtajie mtu aliyepo."

Anapanda, anawasha injini. Mical anapunga mkono. Tirza ameshageuka kuingia ndani, kisha anasimama kizingitini.

"Baba, kumeshaanza baridi huko?"

Saúl anazima injini ili amsikie vizuri.

"Kumeshaanza."

"Basi endesha polepole," anasema Tirza. "Lakini usichelewe kumpa."